Komwe Lako na Mkasi wa Msusi

Shoga, kabla hujakaa kwenye kiti cha saluni na kumwonyesha msusi picha ya msanii kwenye simu, jitazame kwanza. Yule msanii ana uso wake na wewe una wako, na nywele zinazoshuka pajini humtangaza mtu kabla hajafungua mdomo. Osha uso, rudisha nywele zote nyuma, azima futi ya fundi cherehani. Pima upana wa paji, wa mashavu, wa taya, kisha urefu kutoka nywele zinapoanzia hadi kidevuni. Urefu ukiuzidi upana kwa nusu hivi na kidevu kikachongoka taratibu, uso wako ni wa yai: agiza unachotaka, msusi hana kisingizio. Urefu na upana vikikaribiana, itazame taya. Ikipinda ni mviringo, ikiwa na pembe ni mraba.

Wa mviringo asikubali nywele nzito za pajini zilizokatwa mstari mmoja kutoka sikio hadi sikio. Zitaficha nusu ya uso na mashavu yatabaki yanajitawala. Zilazwe upande, zianzie juu ya nyusi moja na kushukia shavu la pili, maana mshazari ule hurefusha uso. Wa mraba apasue katikati, ziachane taratibu kuelekea kwenye mashavu. Mwenye paji pana na kidevu chembamba achukue nyepesi, ngozi ionekane kati ya nywele na nywele.

Na wewe mwenye uso mrefu na komwe, uliyetaniwa tangu darasa la kwanza, zamu yako imefika. Zile nzito zinazogusa nyusi, ambazo wengine wanakatazwa, ni zako kwa haki. Michelle Obama alipotokea na nywele za pajini Januari 2013, siku chache kabla mumewe hajaapishwa kwa muhula wa pili, zilijadiliwa kama jambo la serikali, na Rais mwenyewe akazisifu hadharani. Baadaye mama huyo alieleza kwa utani kwamba hakuweza kujinunulia gari la mashindano wala hakuruhusiwa kujirusha kwa kamba, basi akakata nywele.

Sasa tuje kwenye jambo linaloharibu zaidi kuliko umbo la uso: nywele zenyewe. Nywele za kipilipili hukunyata zikikauka. Msusi akizikata zimelowa, zikiwa zimevutwa hadi kwenye nyusi, ukifika nyumbani zimepanda katikati ya paji na hazishuki tena mpaka ziote. Zikatwe kavu, katika hali ileile utakayotembea nayo. Ukizinyoosha kwa pasi asubuhi, jasho la Kariakoo saa saba mchana litazikunja upya, kwa hiyo kama huna muda wa pasi kila siku, ziache na mkunjo wake na uongeze urefu.

Wigi nalo lina masharti. Mengi huja na nywele za mbele ndefu na nene kuliko anavyohitaji mtu yeyote. Lipunguzwe likiwa kichwani mwako. Tazama mbele, usinyanyue nyusi, usicheke. Msusi ashike mkasi wima, adonoe ncha kidogo kidogo, na kila mara aziachie ili uone zimeangukia wapi. Anayepitisha mkasi mara moja kwa ulalo, mshike mkono.

Lakini wengi wetu hatuchagui mtindo huu kwa ajili ya umbo la uso. Tunaficha nywele za mbele zilizokatika kwa kubanwa. Huko kubanwa kukiachwa mapema, nywele hurudi. Kukiendelea miaka, mashina hufa na ngozi hubaki laini daima, na hakuna mafuta ya kupaka yatakayozifufua. Hivyo misuko ya twende kilioni ya chini ya wigi isukwe kwa ulegevu, na gundi isikae kwenye vinyweleo vya mbele. Ukiona vipele vyeupe kwenye mstari wa nywele, au ukishindwa kulala kwa maumivu, fumua siku hiyohiyo, hata kama umelipia jana. Na msusi akikwambia uvumilie kidogo italegea, mwambie ailegeze sasa hivi, ungali kwenye kiti chake.