Mabingwa wa Skrini Nyeusi

Kuna vijana wa saiba, Kibera hadi Kawangware, ambao mteja akisimama nyuma yao hawagusi tena kipanya. Hufungua skrini nyeusi, wakaandika tar cf, wakatangaza: “Faili zako nimezibana, mzee.” Zimebanwa wapi? Tar, iliyotoka na Unix ya 1979 kwa ajili ya kanda za sumaku, kazi yake ni kufunga mzigo. Mbanaji ni gzip, naye huitwa kwa herufi z. Bila z mzigo hunenepa, maana kila faili huvishwa kichwa cha baiti 512. (Kichwa cha fundi hakijapimwa bado.) Na bando la kutuma mzigo huo nanunua mimi. Bwana fundi, ongeza z, au nirudishie pesa yangu.