Mwongozo wa Mstaafu Anayetaka Kuzama

Kabla ya kununua hata miwani ya maji, panga nani utamwambia na kwa utaratibu gani. Anza na daktari, kisha mwenza wako. Watoto waambiwe ada ya kozi ikishalipwa. Ukiwaambia mapema wataitisha kikao, na katika kikao hicho hakuna mjumbe aliyewahi kufika mita 2 chini ya maji, isipokuwa kwa bahati mbaya. Watakukumbusha umri wako kana kwamba umeusahau. Wajibu kwa upole kwamba kozi ya kwanza ya uzamiaji, ile ya mashirika kama PADI, ina umri wa chini, miaka 10, wala haina umri wa juu. Wakizidi kubisha, wasimulie habari za Ray Woolley, Mwingereza aliyeishi Cyprus. Mwaka 2018, akiwa na miaka 95, aliizamia meli ya Zenobia iliyolala chini ya bahari karibu na Larnaca, akapita mita 40 na kuvunja rekodi ya dunia aliyokuwa ameiweka mwenyewe mwaka mmoja nyuma.

Cheti chako cha kwanza kitakuruhusu mita 18 tu, nazo zinatosha. Matumbawe ya Mnemba, ya Ghuba ya Chole kule Mafia na ya Watamu yana pono, kasa na pweza wa kutosha kabla hujafika huko. Nenda msimu wa kaskazi, maji yakiwa maangavu.

Sasa fomu ya afya. Inauliza kama umevuka miaka 45. Ukijibu ndiyo, inakuuliza habari za sigara, presha, lehemu, na kama katika ukoo wenu kuna ugonjwa wa moyo. Jibu moja la ndiyo humo na lazima daktari atie saini. Hapo ndipo watu wazima wenye heshima zao hugeuka watoto: mkono mmoja unaandika hapana kila mstari, mwingine umeshika vidonge vya presha. Usiwe mtu huyo. Mwili ukizama, damu ya miguuni hupanda kifuani na moyo huongezewa kazi. Juu yake weka mkondo wa kuogelea ukiupinga, na kupanda ngazi ya boti ukiwa umelowa. Moyo ni miongoni mwa sababu kubwa za vifo vya wazamiaji wenye umri mkubwa. Wengi wenye presha iliyodhibitiwa vizuri huruhusiwa. Asiyeruhusiwa asizunguke mjini kutafuta daktari mwenye kalamu nyepesi.

Damu hiyohiyo iliyopanda kifuani huzidanganya figo zidhani maji mwilini yamezidi, nazo huanza kuyatoa. Kwa hiyo nenda msalani kabla ya kuvaa suti, hata kama hujisikii haja. Suti ni ya kukodi na kesho itavaliwa na mwenzio. Wala usiache kunywa maji ili kukwepa shida hiyo. Mzamiaji aliyekaukiwa maji hujiongezea hatari.

Jaribio la kuogelea ni mita 200 kwa mtindo wowote, na hakuna anayekushikia saa. Kisha unaelea dakika 10. Hapa kile kitambi ulichosimangwa nacho miaka yote kinakulipa, kwa sababu mafuta huelea. Utayarudisha malipo hayo baadaye kwa kuongezewa uzito kiunoni ili uweze kuzama.

Mtungi na vifaa vyake hupita kilo 20. Umekatwa kodi na michango maisha yako yote. Sasa kata kiburi. Kijana wa boti akisema, "Shikamoo babu, nikubebee?" itikia marahaba na umwachie mzigo. Unaweza pia kuomba uvalie vifaa majini, magoti yako yakapumzika. Kama unasoma gazeti kwa miwani, tafuta miwani ya maji yenye lenzi za kusomea. Maji hukuza vitu kwa theluthi moja hivi, lakini geji ya hewa haistahili kusomwa kwa kubahatisha.

Masikio yatakusumbua katika mita za mwanzo kuliko zote, kwa kuwa kati ya juu na mita 10 mgandamizo huongezeka mara mbili. Bana pua, pulizia taratibu, fanya hivyo mapema na mara kwa mara, kabla ya maumivu. Ukiwa na mafua, siku hiyo kunywa chai ufukweni.

Halafu pumua. Usizuie pumzi kamwe: hewa uliyoivuta chini hutanuka unapopanda na inaweza kupasua pafu. Vuta polepole, toa polepole. Hapa ndipo mtu mzima anapong'ara. Kijana anayerusha miguu akimfukuza kasa humaliza mtungi mapema, na mwenzake analazimika kupanda naye. Mtu mtulivu hutumia hewa kidogo, na kasa humjia mwenyewe. Naamini kabisa kwamba mchezo huu ulitengenezwa kwa ajili ya watu wasio na haraka. Vijana wameuazima tu.

Kupanda nako ni kwa taratibu, na mita 5 kabla ya kufika juu unasimama dakika 3. Chini ya maji naitrojeni huyeyuka ndani ya damu. Ukipanda kwa pupa hutoka kwa mapovu, kama soda iliyotikiswa kisha ikafunguliwa ghafla, na mapovu hayo huweza kukuacha umepooza.

Kwa sababu hiyohiyo, ukishazamia kwa siku kadhaa mfululizo usipande ndege kabla ya saa 18 kupita. Ndege ndogo ya Unguja kwenda Dar, ya dakika 20 hivi, nayo ni ndege. Wajumbe wa kikao wakipiga simu kutaka urudi leo kwa ndege ya jioni, waambie unalala Unguja, na kesho waje wakupokee bandarini.