Glasi Yenye Jicho

Ikikaribia tarehe 31 Oktoba, sikukuu yao ya vitisho, Mmarekani mwenye akili zake timamu hufungua kopo la lichi, akachomeka buluberi palipokuwa na kokwa, kisha akalitumbukiza tunda hilo kwenye jini na toniki. Hilo ndilo jicho. Linakukodolea wewe unayelipa. Damu ni sharubati ya komamanga, imechuruzishwa ukingoni mwa glasi kwa subira ya fundi hina, maana damu isiyochuruzika vizuri haifai kupigwa picha. Ikiwashwa taa ya urujuanimno, toniki inang'aa buluu kwa sababu ya kwinini iliyomo. Kwinini ile ile! Sisi tulishikwa pua ili tuimeze. Wenzetu wanailipia, na bahashishi juu.

Na moshi? Huo ni wa barafu kavu, yaani kaboni dayoksaidi iliyogandishwa, nyuzi 78 chini ya sifuri. Ukimeza kipande, kinakuunguza koo na tumbo. Basi katika glasi nzima iliyopambwa ifanane na sumu, cha kuogopwa kweli ni kile kilichowekwa kwa urembo, na ndicho wageni wanachokipigia makofi.

Donn Beach, mwenye baa wa Hollywood, hakuhangaika na macho wala moshi. Mnamo 1934 alichanganya ramu za aina kadhaa, akakiita kinywaji hicho Zombie, na kila mteja akawekewa kikomo cha glasi mbili. Mazimwi ya kupamba ukumbi hakuhitaji kuyanunua: usiku ukikomaa yalikuwa yanapapasa ukuta yenyewe, yakiutafuta mlango.