Ni Kifurushi Kidogo Tu

Kila mwaka Novemba ikifika, wakubwa wa usafiri wa hapa Washington na vitongoji vyake huanza kutangaza kwamba wamejiandaa. Idara za barabara za Virginia na Maryland husimamisha sehemu kubwa ya ukarabati ili mafundi wasizibe njia wakati wa Sikukuu ya Shukrani. Viwanja vya ndege huwaomba wasafiri waweke nafasi ya kuegesha gari mapema, maana gereji hujaa. Chama cha wenye magari, AAA, hutoa utabiri wake, na mwaka 2025 kilisema Wamarekani zaidi ya milioni 80 wangesafiri walau kilomita 80 kutoka nyumbani kwenda kula bata mzinga. Wakaguzi wa usalama nao hutoa orodha ya vyakula: bata mzinga mwenyewe anapita ukaguzi, lakini mchuzi wake ukizidi mililita 100 haupiti mkononi.

Yote hayo ni mema, na mimi mkazi wa Silver Spring ninayelipa kodi nayashukuru. Ila katika matangazo yao yote sijaona hata moja linalotuhusu sisi. Wataalamu wakipanga mipango yao, msafiri wanayemfikiria ni mtu mmoja mwenye begi la magurudumu, kahawa mkononi na tiketi kwenye simu. Msafiri wa kwetu ni mtu mmoja, gari zima la wasindikizaji, na mizigo ya watu ambao hawasafiri kabisa.

Chukua mfano wa shangazi yangu wa Tanga. Alikuja kutusalimu kiangazi cha 2025, na tiketi yake ya kurudi ilikuwa ya katikati ya Desemba. Hapo katikati ndipo Marekani ilipofanya vituko. Oktoba 1 serikali ya shirikisho ilifungwa kwa sababu wanasiasa hawakuelewana juu ya bajeti. Waongoza ndege wakaendelea na kazi bila mshahara. Novemba 7 safari za ndege zikaanza kupunguzwa kwa amri katika viwanja 40 vikubwa, na vyetu vyote vitatu, yaani Reagan, Dulles na Baltimore, vilikuwamo. Shangazi alikuwa akizifuatilia habari hizo kuliko wenyeji.

"Mwanangu, ina maana yule anayeiambia ndege ipite wapi hajalipwa?"

Nikamwambia ndiyo, shangazi, hajalipwa.

"Na mimi nauli yangu nimelipa?"

Umelipa, shangazi.

"Basi hela imekwenda wapi?"

Swali hilo hata Bungeni lilikuwa halijapata jibu. Serikali ilifunguliwa tena Novemba 12, baada ya siku 43, na amri ya kupunguza safari ikaondolewa Novemba 17, siku kumi kabla ya sikukuu. Viwanja vikarudia pilika zao za kila mwaka. Kwetu nyumbani pilika ndiyo kwanza zinaanza, kwani habari zilishaenea kwamba kuna mtu anakwenda Tanzania.

Katika jamii yetu ya hapa, anayekwenda nyumbani hana siri. Ukikata tiketi Jumatatu, Jumatano unapigiwa simu na mtu mliyeonana mara moja tu, msibani Laurel. Atakusalimia kwa kirefu, atauliza watoto, kazi na baridi. Kisha sauti itashuka. "Nasikia shangazi anaondoka. Nina kifurushi kidogo tu."

Sijapata kuona kifurushi kidogo kilicho kidogo. Mmoja alileta sufuria isiyogandisha, na mfuniko wake wa kioo. Mwingine alileta vidonge vya vitamini vya kutosha zahanati ya kata. Mama mmoja alileta makopo makubwa ya siagi ya karanga yapelekwe Tanga, kana kwamba huko karanga wanazisikia redioni. Na bwana mmoja, mtu wa heshima zake, alileta kioo cha pembeni cha Toyota kilichoviringishwa kwenye taulo, kiende nchi ambayo barabarani Toyota ndizo zinazopishana zenyewe kwa zenyewe. Haba na haba hujaza kibaba. Kibaba cha shirika la ndege ni kilo 23, na shangazi aliruhusiwa viwili.

Kupima tulipimia mizani ya bafuni. Unapanda mwenyewe, unasoma. Unashuka, unapanda tena umekumbatia begi, unasoma. Kisha unatoa. Kazi hiyo alikabidhiwa binamu yangu kwa sababu ana mikono yenye nguvu, lakini alikataa katakata kuutaja uzito wake mbele za watu. Akafanya hesabu kimoyomoyo, akatangaza kwamba mabegi yote mawili yako sawa. Vilivyobaki tukavishindilia kwenye shangazi kaja, lile begi la nailoni la mirabaraba lenye zipu ya kubahatisha, liwe mzigo wa mkononi.

Siku ya safari lilikuja suala la usafiri. Gari la viti saba lilikuwapo, lakini wasindikizaji walishalijaza. Kwetu kumsindikiza mtu ni wajibu, huwezi kumwacha mtu mzima aende uwanjani peke yake kama anayetoroka. Kikakaliwa kikao kifupi. Ikaamuliwa kwamba watu waende kwa gari, mizigo iende kwa treni pamoja na mimi na binamu. Uamuzi huo ulipitishwa kwa kauli moja na wote waliokwisha kaa garini.

Niseme kweli, treni hiyo ni neema. Kiwanja cha Dulles, kilichochorwa na Eero Saarinen, kilifunguliwa mwaka 1962, kilomita kama 42 kutoka mjini, na treni ya Metro ikakifikia Novemba 15, 2022, siku chache kabla ya Sikukuu ya Shukrani. Miaka 60! Hata wagombea ubunge wa kwetu, ambao daraja huliahidi babu likaja kuzinduliwa na mjukuu, wangeona haya. Lakini ilifika, na nauli yake haifiki dola 10, haidhuru uwe na mabegi mangapi.

Kutoka Silver Spring unapanda njia nyekundu hadi Metro Center, halafu unashuka kwa ngazi za umeme hadi jukwaa la chini kupanda njia ya fedha. Kwenye ngazi hizo kuna kanuni inayoheshimiwa kuliko Katiba: ukisimama, simama kulia, kushoto waachie wanaopita. Shangazi kaja halijui kulia wala kushoto. Lilijaza ngazi nzima, na nyuma yetu ukajikusanya umati wa wafanyakazi waliokuwa wakitoka ofisini. Mtu wa Washington hakutukani. Anavuta pumzi, na ndani ya pumzi ile utasikia wasifu wako wote, pamoja na maoni yake kuhusu wazazi wako.

Katikati ya pumzi hizo zipu ikaachia. Kopo moja la siagi ya karanga likatoka, likashuka ngazi moja baada ya nyingine bila haraka, ta, ta, ta, hadi miguuni pa mzungu mmoja aliyevaa suti. Akaliokota, akasoma kibandiko, akatazama begi. Kisha akasema kwa Kiswahili kilichonyooka, "Poleni sana kwa mizigo." Mji huu umejaa watu waliowahi kujitolea Afrika ujanani, na huyu alikuwa amefundisha hesabu Singida. Alitusaidia kufunga begi kwa mkanda wa suruali ya binamu. Tukamshukuru. Akawa hajaondoka. Akauliza anayesafiri ni nani, na anakwenda mkoa gani, kisha akasita kidogo. Kule kusita nikakujua. Bahati nzuri treni ikaingia.

Ndani ya treni binamu akatoa kopo la sambusa. Nikamzuia. Kula kwenye Metro ni marufuku, na si marufuku ya mdomoni tu. Mwaka 2000 askari wa Metro walimkamata binti wa miaka 12 kwenye kituo cha Tenleytown kwa kosa la kula kipande cha chipsi, wakamtia pingu. Kesi ilipanda hadi mahakama ya rufaa, na mwaka 2004 hukumu ikaandikwa na John Roberts, ambaye mwaka uliofuata akawa Jaji Mkuu wa Marekani. Binti alishindwa. Ikiwa chipsi moja ilifika kwa Jaji Mkuu mtarajiwa, sambusa za nyama zingefika wapi? Binamu akafunika kopo, akabaki kulinusa hadi Dulles, huku mkono mmoja umeshika suruali.

Mizigo ilifika kabla ya msafiri. Gari lilikuwa limekwama kwenye barabara ya mzunguko, maana kila aliyeambiwa atoke mapema alitoka mapema, wote kwa wakati mmoja. Walipofika hatimaye, wakasimama ukingoni mbele ya jengo, mahali ambapo sheria inakupa muda wa kushusha na kuondoka. Mzee wetu akashuka kwanza, akainua mikono, akaanza dua ya safari. Dua ya mzee huyu huanzia kwa mababu na huwa haiwaruki ndugu. Askari akasogea, akapunga mkono kuashiria gari liondoke. Msindikizaji mmoja akadhani naye anaitikia, akamwambia, "Amina, afande." Dereva ilibidi aende kuzunguka kiwanja, na kila alipopita mbele yetu tulimwona akiitikia amina kupitia dirishani.

Kwenye kaunta alikuwapo mhudumu mpole. Akauliza maswali yale ya kila siku, ambayo wasafiri wote duniani huyajibu bila kuyasikiliza. Shangazi akaomba atafsiriwe. Ni mtu asiyesema uongo hata kwa daktari.

"Mabegi haya umeyapanga mwenyewe?"

"Hapana," akasema shangazi. "Wamepanga watoto."

"Kuna mtu yeyote aliyekupa kitu umbebee?"

"Wengi sana."

Mhudumu akaacha kuchapa. Nyuma yetu mstari mzima ukanyamaza. Nikafikiria kuitafsiri "wengi sana" kwa upole zaidi, lakini shangazi alishafungua pochi akatoa daftari la shule, lile la mistari. Humo alikuwa ameandika kila kitu kwa mwandiko wa mwalimu mstaafu: jina la aliyeleta, alicholeta, jina la mpokeaji na simu yake. Kila mzigo alioletewa aliufungua kwanza mbele ya mwenyewe, akaukagua, ndipo akauandika. Akaitwa msimamizi. Mabegi yakafunguliwa hapo sakafuni, na kitu kimoja kimoja kikalinganishwa na daftari. Vidonge, vipo. Sufuria, ipo. Mfuniko, upo. Msimamizi, akiwa na kioo cha Toyota mkononi, alisema hajawahi kuona orodha ya mizigo iliyoandikwa vizuri namna ile.

Uzito ulikuwa habari nyingine. Begi moja kilo 26, la pili 27. Binamu akaangalia dari. Hapo ndipo nilipouona umuhimu wa wasindikizaji. Waliokuja mikono mitupu wakaanza kugawiwa: huyu sufuria, yule viatu, mwingine vitamini. Mwenye kioo alikuwamo miongoni mwao. Akakipokea bila neno, akakikumbatia na taulo lake.

Kopo moja la siagi ya karanga shangazi alikataa kuliacha. Akalitia kwenye pochi akaenda nalo hadi ukaguzini, ambako tulimwona kwa mbali akielezwa kwamba kwa sheria zao siagi ya karanga ni kitu cha kumiminika. Baadaye alinisimulia kwa simu kutoka Tanga kwamba alimwambia yule mkaguzi, "Basi imimine niione." Mkaguzi hakujua Kiswahili. Kopo likabaki Marekani.

Sasa ndugu zangu wa Maryland, Virginia na Washington, sikukuu nyingine ziko njiani. Reli ipo, barabara zitafunguliwa, na viwanja vitaongeza watu kama kawaida yao. Wao wamemaliza sehemu yao, iliyobaki ni yetu. Msindikizeni mtu nyumbani kwake, siku moja kabla, mle na mwombe dua hadi usiku. Uwanjani wanatosha dereva na mmoja wa kubeba. Nunueni mizani ya kuning'iniza begi, haizidi bei ya chakula cha mchana. Anayesafiri awe na daftari, akague kila anacholetewa, na ajifunze kusema "nimejaa" kabla hajajaa. Na wewe mwenye kifurushi, kama kweli ni kidogo, kipeleke posta.