Siki ya Wenye Nafasi

Kumbe tembo likichacha siku hizi linapandishwa cheo. Juzi, katika duka lenye kiyoyozi na vikapu vya ukili visivyobeba kitu, nilikuta kichupa kimefungwa kamba ya katani: "Siki ya mnazi, imetengenezwa kwa mkono." Kwa mkono! Bibi yangu naye anatengeneza kwa nini, kwa kisigino? Hununua tembo kwa mgema, akalitia kwenye chupa ya soda, akaziba mdomo kwa kitambaa ili hewa ipite na nzi wasipite, kisha akalisahau uvunguni. Wiki kadhaa baadaye lina utando juu na ukali wa kukukunja uso. Hapo ndipo maembe ya achari huanza kumenywa.

Muuzaji, kijana mpole, alinieleza kwamba utando ule ni "mama wa siki", tena yu hai. Akanionyesha na miso ya kunde: zimechemshwa, zikapondwa kwa chumvi na mchele uliooteshwa ukungu wa Kijapani, zikafungiwa miezi sita. Kwetu kunde zikiota ukungu, hutafutwa wa kugombezwa.

Kichupa nilikinunua. Nimekificha uvunguni, Bibi asije akaona bei.