Wenye klabu kumi wa sinema, na muda ambao kila mmoja angedumu Katesh

Sinema zinampenda mwenye klabu ya usiku. Ana suti, ana deni, anampenda mwanamke ambaye moyo wake uko kwa mwimbaji, na ndoto zake haziingii ndani ya ukumbi wake. Kasoro ni moja: watengeneza filamu wanampima kwenye miji rahisi. New York, London, Kinshasa! Mji ambao watu wanalala mchana, nani atashindwa kujaza ukumbi usiku?

Mtihani wenyewe uko Manyara. Tumpe kila mmoja fremu Katesh, chini ya Mlima Hanang, kando ya barabara kuu ya Babati–Singida, na tawi la majaribio Mbulu mjini, ambako mwezi wa saba watu wanacheza na makoti yao. Wateja ni hawa: mkulima wa Bashay mwenye hela ya vitunguu saumu, mfugaji wa Kibarbaig aliyetoka mnadani, dereva wa lori anayelala njiani, na mwalimu anayesubiri mshahara. Kiingilio anapanga mwenye klabu, lakini kama kitalipika au hakitalipika, hilo linaamuliwa na mvua.

Tunaanza na atakayefunga mapema, tunapanda hadi atakayedumu.

10. Steve Rubell, "54" (1998)

Mike Myers ndiye aliyemwigiza Rubell, mwenye Studio 54 iliyofunguliwa Manhattan mwaka 1977. Mtaji wake mkubwa ulikuwa mlango. Alisimama nje akichagua nani aingie, wengine wakabaki kuganda barabarani.

Hebu ajaribu hivyo Katesh. Wa kwanza atakayemkataa ni mjomba wa mwenye nyumba. Wa pili ni shemeji wa mtendaji wa kata. Wa tatu ana fimbo, na amekuja na wenzake wenye fimbo. Tena kumrudisha mtu aliyeuza ng'ombe wawili leo, kisa kavaa makatambuga, ni kuyafukuza mauzo ya mwezi mzima.

Halafu kuna kodi. Rubell na mshirika wake Ian Schrager waliingia jela mwaka 1980 kwa kuikwepa. TRA wangemuanzisha taratibu: risiti ya EFD, hata kwa soda moja.

*Angedumu:* Ijumaa moja.

9. Owney Madden, "The Cotton Club" (1984)

Francis Ford Coppola alimpa Bob Hoskins nafasi ya jambazi huyu wa Harlem, mwenye klabu iliyoweka weusi jukwaani na weupe mezani. Utajiri wake ulitokana na serikali ya Marekani kupiga pombe marufuku.

Angesikia kwamba Tanzania ilipiga marufuku viroba tarehe 1 Machi 2017, angekunja mikono ya shati na kuanza kazi. Kisha angegundua kwamba karibu kila kijiji kina mama anayepika pombe yake ya kienyeji, bei yake haishindiki, na anakopesha. Magendo yanahitaji uhaba. Hapa bidhaa inachachuka nyuma ya nyumba.

*Angedumu:* mpaka aonje ya jirani.

8. Cosmo Vitelli, "The Killing of a Chinese Bookie" (1976)

Katika filamu hii ya John Cassavetes, Cosmo anamaliza deni la klabu yake, anasherehekea kwa kwenda kucheza kamari, na anarudi na deni jipya la dola 23,000. Msimcheke. Tunaye huyu. Ni yule aliyelipa mkopo wa pembejeo asubuhi, jioni akaweka mkeka wa timu kumi na mbili, ukachanwa na moja.

Cha kumsifu ni kwamba kazi yake anaipenda kweli. Akiwa njiani kwenda kuua mtu ili alipe deni, anasimama kwenye simu ya barabarani kuuliza onyesho la klabuni limefika wapi. Meneja wa namna hiyo hapatikani kwa tangazo la kazi.

*Angedumu:* mpaka mechi za Jumamosi.

7. Helen Nosseross, "Night and the City" (1950)

London ya Jules Dassin. Mume wa Helen, Phil, anamiliki klabu iitwayo Silver Fox. Helen amechoka kuwa pambo la ukumbi wa mwingine, anataka wake. Anamtegemea tapeli Harry Fabian amtafutie leseni, Fabian anamletea karatasi safi kabisa. Kumbe ya kughushi.

Kwetu angeanzia kwa afisa biashara, aende kwa afisa afya, apite TRA, akumbushwe malipo ya hakimiliki ya muziki, kisha NEMC kwa ajili ya kelele. Fabian asingepata kazi. Kwenye mji mdogo leseni bandia haipiti, si kwa sababu karani ni malaika, bali kwa sababu ofisi nzima inajua nani ameomba na nani hajaomba. Mhuri unaweza kuuiga, umbea wa halmashauri huwezi.

*Angedumu:* hadi ukaguzi wa kwanza. Ila filamu yake tusiifunge bado, tutaihitaji.

6. Nvouandou, "La vie est belle" (1987)

Filamu ya Benoît Lamy na Mwezé Ngangura, mzaliwa wa Bukavu. Papa Wemba ni Kourou, mwanamuziki wa kijijini anayeingia Kinshasa kutafuta jina. Nvouandou ana klabu, ana mke, na ana tatizo la chumbani. Mganga anamwelekeza aoe msichana bikira, lakini kwanza asimguse. Anamchukua Kabibi, ambaye ndiye Kourou anamtaka.

Kinshasa ni kubwa, mtu anaweza kuficha aibu yake mtaa wa tatu. Katesh habari ya chumbani inafika stendi kabla ya basi la alfajiri, na kondakta anashuka nayo Singida. Wateja wangejaa, hilo nakubali. Wasingekuja kwa ajili ya bendi.

*Angedumu:* miezi mitatu, yeye mwenyewe akiwa burudani.

5. Rick Blaine, "Casablanca" (1942)

Humphrey Bogart, koti jeupe, uso wa mtu aliyeachwa stesheni. Kuna tukio moja ambalo kila mwenye baa wa Afrika Mashariki analielewa bila tafsiri: Kapteni Renault anaifunga klabu akidai ameshtuka kusikia mle ndani kuna kamari, na palepale anakabidhiwa hela alizoshinda kwenye kamari hiyohiyo.

Ila Rick anajisifu kwamba mambo ya watu hayamhusu. Huo msimamo auache Babati. Tarehe 3 Desemba 2023 tope na mawe vilishuka kutoka Mlima Hanang vikaingia Katesh na vijiji vya jirani, na watu zaidi ya 80 wakafa. Katika mji uliozika hivyo, mwenye ukumbi anayesema hayamhusu hahitaji kufungiwa na kapteni. Wateja watamfungia wenyewe. Kukiwa na msiba mtaani unazima spika kabla hujaombwa, unatoa viti, unatoa turubai.

Kwa bahati nzuri Rick mwishoni anajihusisha, tena kwa gharama kubwa. Anafundishika.

*Angedumu:* mwaka mmoja, na viti vyake vingejulikana kila kijiji.

4. Hugo Kisima, filamu ambayo hatujaiona

Huyu hakutungwa na mtu. Kisima alikuwa mfanyabiashara wa Dar es Salaam aliyemiliki Orchestra Safari Sound. Mwaka 1985 aliivunja bendi yake mwenyewe, akaenda kuwachomoa wanamuziki sita muhimu wa Mlimani Park, wakiwemo Muhiddin Maalim na Abel Balthazar, akaunda International Orchestra Safari Sound. Mlimani Park ilikuwa mali ya DDC, shirika la maendeleo la jiji. Yaani mtu binafsi, enzi za Ujamaa, alilipokonya shirika la umma sauti yake. Hollywood wangetengeneza sehemu tatu na mfululizo wa televisheni. Sisi tumebaki na kanda.

Katesh angemnyakua nani? Wapiga kinanda na waimbaji wazuri wa Mbulu na Hanang wako kwenye kwaya, za Kikatoliki na za Kilutheri. Kisima angewaahidi mshahara mara mbili, wangekuja sita, na Jumapili wasingehitaji kutajwa: kimya cha kinanda kingewataja. Mama zao wangemaliza kazi iliyobaki.

*Angedumu:* hadi Pasaka, kwaya inapowataka watu wake.

3. Frank Tilghman, "Road House" (1989)

Vibanda umiza vinamjua zaidi baunsa wake, Dalton, yaani Patrick Swayze. Lakini mwenye ndoto ni Tilghman. Ana baa ya vurugu kwenye mji mdogo wa Missouri, bendi inapiga nyuma ya wavu ili chupa zisiipate, na yeye anataka pawe mahali pa heshima. Amejua kitu ambacho wakubwa wa mijini hawakujua: kwenye mji wa wakulima, matengenezo yanaanza na usalama, taa za rangi zinafuata.

Adui yake, Brad Wesley, anamkatia njia ya kupata vinywaji. Kwetu kazi hiyo inafanywa na masika bila mshahara. Lori la bia likinasa kwenye mpando kutoka Dareda kwenda Dongobesh, tawi la Mbulu linauza maji ya chupa na maneno matamu.

Tena Dalton angekutana na tatizo ambalo karate haitibu. Mbulu ndiko alikotoka John Stephen Akhwari, aliyemaliza marathon ya Olimpiki ya Mexico mwaka 1968 mguu ukiwa umeumia. Hanang ndiko alikotoka Gidamis Shahanga, bingwa wa marathon wa Jumuiya ya Madola mwaka 1978. Mteja wa huku akitoka mbio bila kulipa, baunsa gani wa Missouri atamkimbiza?

*Angedumu:* miaka mitatu, akianza kudai malipo kabla ya kufungua chupa.

2. Smoke na Stack, "Sinners" (2025)

Michael B. Jordan anaigiza mapacha wote wawili katika filamu ya Ryan Coogler. Ni Mississippi, mwaka 1932. Wananunua kiwanda cha zamani cha mbao na kufungua ukumbi siku hiyohiyo. Baunsa wanamtoa kwenye shamba la pamba, mzee wa piano wanampata kwa bia, na jikoni anasimama Annie, mke wa Smoke. Usiku wateja wanajaa, kisha inaonekana baadhi wanalipa kwa vipande vya shamba, pesa isiyotumika nje ya himaya ya tajiri. Mapacha wanapiga hesabu na kununa.

Hapo ndipo sinema ilipoikaribia Hanang kuliko mahali popote. Wilaya hii inayajua mashamba makubwa: yale saba ya ngano ya NAFCO, shirika la kilimo la serikali, takriban ekari 100,000, yaliyoendeshwa kwa msaada wa Canada. Ngano ilipanda lori ikaondoka, na malisho ya Wabarbaig yakawa yamekwenda nayo. Mwenye ukumbi asiyejua nani analima, nani analipwa, na analipwa lini, anauza bia kwa watu wenye kiu na mifuko mitupu.

Kisha wanakuja mumiani, wanapiga muziki mlangoni wakisubiri kukaribishwa. Waliomo ndani wanapimana kwa kutafuna vitunguu saumu ili ajulikane nani bado ni mtu. Hapa Mbulu inaipiga Mississippi mabao matano kwa bila. Mumiani akifika Bashay wakati wa mavuno, ataomba lifti ya kurudi alikotoka.

Kilichowaponza mapacha ni kiwanja. Aliyewauzia jengo alikuwa amepanga kuja kuwaua asubuhi. Wangeuliza majirani wawili na mwenyekiti wa kitongoji, wangeambiwa.

*Wangedumu:* kizazi kizima, kama wangefungua wiki moja baadaye.

1. Molly, "Night and the City" tena

Hamumkumbuki, na mwongozaji naye hakuwapa muda wa kumkumbuka. Ni bibi muuza maua wa Silver Fox, aliyeigizwa na Ada Reeve. Helen akiwa huko na leseni yake ya bandia, Phil anajiua, na Helen anaporudi kudai mali anakuta wosia umeandikwa upya. Klabu ni ya Molly.

Filamu inaliweka hilo kama kejeli ya mwisho. Mimi naliona kama uamuzi pekee wa kibiashara uliofanywa na mtu mwenye akili tangu namba kumi. Kila usiku Molly alikuwa katikati ya meza. Anajua nani anatoa noti kubwa kwa kujionyesha na nani anaitoa kwa sababu anayo. Anajua mteja gani akinywa cha tatu analia na gani akinywa cha tatu anapigana.

Katesh Molly yupo tayari. Anauza mayai ya kuchemsha na kachumbari nje ya disko vumbi, na kichwani ana kalenda ambayo Rubell angeilipia dola: mnada ni lini, mbaazi zimepanda bei au bado, mishahara imetoka, kwa nani kuna msiba. Tamaa anayo, tena kubwa. Ila inakwenda kwa hatua za mfuko wake: beseni, halafu benchi, halafu jiko la mishkaki, halafu kibanda, halafu spika moja ya kukodi. Siku wanaume watano wenye suti wakifilisika, atanunua viti vyao kwa bei ya kutupa na kuendelea kuuza mayai, kwa sababu mayai hayajawahi kumuangusha.

Mtengeneza filamu anayetaka hadithi ya mwenye klabu mwenye uchu wa kufika mbali, aache kumtafuta mwenye miwani ya jua aliyekaa kona ya giza. Aelekeze kamera mlangoni, chini kidogo, usawa wa beseni.

*Angedumu:* mpaka wajukuu waanze kugombania wosia. Na hiyo ndiyo sehemu ya pili, tayari imeshajiandika.