Jadili (Alama 20)

Wakusanye watu kumi sebuleni Kapsoya, na kabla ya kikombe cha pili cha chai watakuwa wamechagua mwekahazina. Hawajali mmeitana kwa ajili ya matanga, karo ya mtoto wa jirani au kumpokea mwanariadha aliyerudi na medali. Mimi niliwaita majirani tusome vitabu. Nilichokuwa nikiwaza ni kitabu kimoja, watu wachache na jioni ya baridi. Baridi tunayo ya kutosha: Eldoret imekaa zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na kituo cha kupimia hali ya hewa kiko papa hapa mtaani, pengine ili wataalamu watetemeke pamoja na sisi.

Mkutano wa kwanza ulikwisha tukiwa na mwenyekiti, katibu, mwekahazina, katiba na namba ya simu ya kupokelea michango. Kitabu hatukuwa nacho.

Uwekahazina ulikwenda kwa Gogo, mama mzee aliyeuza maziwa mtaani miaka nenda miaka rudi na ambaye bado anakumbuka deni la kila nyumba. Gogo ndiye aliyetuletea kanuni ya faini: ukija hujamaliza kitabu, shilingi 50. Tulimpigia makofi. Aliyatazama yale makofi kama mtu anayehesabu noti.

Kuchagua kitabu ndiko kulikotutoa jasho. Mwalimu mstaafu wa nyumba ya kona alitaka tuanze na Kusadikika cha Shaaban Robert, kwa kuwa kilitoka 1951 na mambo huanzia mwanzo. Kijana wetu wa bodaboda akataka kile cha Robert Kiyosaki kuhusu baba tajiri na baba maskini, ambacho huwezi kutembea mjini bila kukiona kimetandazwa kando ya barabara kwenye gunia, kati ya Biblia na vifuniko vya simu. Shemeji wa saluni alisema yeye atasoma chochote chenye mapenzi, mradi yawe mapenzi ya watu wenye akili. Kila kitabu kilipotajwa, sebule nzima iliuliza maswali yale yale mawili: kina kurasa ngapi, na je, kina mwongozo?

Hilo la mwongozo lisikuchekeshe. Mkenya wa kawaida alikutana na riwaya ya Kiswahili kwa sababu ya Karatasi ya Tatu ya mtihani wa kidato cha nne, na mtihani ulipokwisha wakaagana kwa amani. Ndiyo maana ukimwuliza mtu riwaya aliyoipenda, hakutajii kitabu, anakutajia mwaka wake wa kumaliza shule. Akisema Kidagaa Kimemwozea cha Ken Walibora, jua alikaa kwenye dawati la mtihani kati ya 2013 na 2017. Akisema Chozi la Heri cha Assumpta Matei, huyo ni wa baada ya hapo. Shemeji wa saluni, ambaye mtaa mzima unamjua ana miaka thelathini tangu nilipohamia hapa, alijisahau akaanza kusimulia Siku Njema, riwaya ya watahiniwa wa zamani zaidi, jinsi walivyofundishwa darasani. Katibu akaangalia dari. Mwalimu akakohoa. Tukaendelea na ajenda.

Ilipigwa kura, na ikashinda Nagona ya Euphrase Kezilahabi, iliyotoka 1990. Sababu ya ushindi wake iliandikwa wazi kwenye kumbukumbu za mkutano: ni nyembamba. Nilijaribu kuwaambia kwamba Kezilahabi wa Nagona si yule wa Rosa Mistika, kwamba hapa alikuwa ameacha hadithi ya kunyooka na kuingia katika falsafa na ndoto, na kwamba kuna maprofesa wanaozeeka nayo. Nikaambiwa mimi nina mazoea ya kutisha watu. Daftari la shule ni nene kuliko hicho kitabu, alisema mwenyekiti, kitaisha Jumamosi moja.

Hakikuisha. Mwenyekiti alifika akiwa kurasa za mwanzo, akasema amesoma kila neno, na kila neno analijua, ila yakikaa pamoja hayamjui yeye. Kijana wa bodaboda alikisoma akisubiri abiria stendi, akampita abiria. Mwalimu mstaafu alikuwa amekimaliza na hakutaka kutuambia alichoelewa, jambo ambalo kwa mwalimu lina maana moja tu. Mwongozo wa kitabu ulitafutwa mjini na haukupatikana. Wengine wote wakalipa, mmoja baada ya mwingine, na Gogo akapanga hamsini hamsini kwenye kikebe cha majani ya chai huku uso wake ukiwa na furaha ambayo hajawahi kuionyesha kwa fasihi.

Kisha akaomba nafasi ya kusema. Ikiwa kitabu chembamba kimetuingizia hivi, aliuliza kwa upole, je, si tungetafuta kinene?

Hapo ndipo nilipoelewa tumejijengea kitu gani. Katika kundi letu asiyesoma ndiye mfadhili, na anayesoma ni hasara kwa hazina. Waliokwisha kuishi na vyama vya Kenya hawatashangaa. Bado sijaona chama kisichoishia kwenye mikopo, na chetu kimeanza: kikebe sasa kinakopesha kwa riba, na wamejiunga watu ambao hawajawahi kuuliza tunasoma nini. Wanakuja, wanalipa faini bila kinyongo, wanauliza foleni ya mkopo iko wapi.

Kitabu kilichotuokoa ni kile kile kilichomfichua shemeji. Siku Njema ya Walibora ilitoka 1996, na hatukuichagua kwa ubora wake. Tulipata nakala moja kuukuu kwa bei ya ndizi. Nakala hiyo ilipita mkono kwa mkono, na ilikuja na mwanachama wa ziada: mwanafunzi fulani wa zamani aliyepigia mistari karibu kila ukurasa kwa kalamu nyekundu na kuandika pembeni HII HUTOKA! Tukawa tunaisoma mistari yake nyekundu na kuruka iliyobaki. Mahali fulani kati ya sura alikuwa amechora moyo uliochomwa mshale, na herufi mbili ndani. Shemeji wa saluni alitaka kujua kama walioana. Mjadala wa ule moyo ulichukua muda mrefu kuliko mjadala wa Kongowea Mswahili, mhusika mkuu, ambaye maskini ametoka Tanga mpaka Kitale kumtafuta baba yake.

Zamu ya kumjadili yeye ilipofika, tuliongea kama watahiniwa. Katibu alisimama (alisimama kweli!) akasema anwani ya riwaya inaafiki kwa sababu sita, akazitaja, akaketi akisubiri alama. Mwenyekiti akataka kuweka dondoo katika muktadha wake. Mwalimu alikuwa anatoa alama kwa vidole. Gogo, ambaye hakuna aliyewahi kumtahini, aliuliza tu: huyu mama Zainabu Makame aliyekuwa mwimbaji wa taarabu, pesa za nyimbo alikuwa anazishika nani?

Ukimya. Hilo halikuwa kwenye mwongozo wowote.

Naye kijana wa bodaboda akaingilia. Kitale hapo tu, alisema, unapita Soy, unapita Moi's Bridge, umefika. Lakini Tanga siwezi. Mimi baba yangu akiwa Tanga ningempigia simu, asiposhika basi. Mwalimu akaanza kueleza dhamira ya utafutaji. Kijana akamwambia, Mwalimu, ngoja kwanza, wewe ungeenda? Wakabishana hadi chai ikapoa, watu wakasema mambo ya baba zao ambayo siyaandiki hapa, na hakuna aliyetaja tamathali ya usemi hata moja. Waliokuja kwa ajili ya mkopo walikaa hadi mwisho. Gogo alisahau kukusanya faini, na alipokumbuka tulikuwa tumeshafika langoni.

Alitudai wiki iliyofuata, pamoja na riba.

Kitabu cha sasa ni Utengano cha Said Ahmed Mohamed, cha 1980. Shemeji wa saluni alikitafuta yeye mwenyewe, na tayari amemchukia mhusika Maksuudi kiasi cha kumnyima kinyozi mmoja kiti kwa sababu anafanana naye. Nakala tunazo mbili na wasomaji wamezidi, kwa hiyo ombi langu ni kwenu mliosoma shule zamani: vitabu mlivyosahau chini ya vitanda vya wazazi, hata vyenye mistari myekundu na mioyo pembeni, vileteni Kapsoya. Miongozo iacheni huko huko. Na ukija, njoo na shilingi 50 mfukoni, kwa sababu Gogo hakubali ahadi.